Gesi Haingoji

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku moja. Nikae nyuma ya ukumbi wa hoteli fulani Nairobi, nisikilize watu wakiongea kuhusu malori, kisha niandike kurasa 4 za walichosema. Hizo ndizo kazi zangu siku hizi. Ukiacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo imekataa, unaandika chochote kinacholipa: maelezo ya godoro la kuuzwa mtandaoni, hotuba ya baba wa bibi harusi, ripoti ambayo hakuna atakayeisoma.

Katikati ya asubuhi akasimama jamaa aliyekuja kuuza malori ya gesi. Si gesi ya mtungi ya kupikia. Gesi asilia iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, ile inaitwa LNG. Alikuwa na picha nzuri ukutani: trela jeupe likipanda mlima katikati ya mashamba ya chai, na chini yake ameandika "Kericho". Akaeleza kwamba gari hizi hazitoi moshi mweusi, injini zake hazina kelele sana, na gesi inaweza kuwa nafuu kuliko dizeli. Halafu akafika kwenye shida yake moja.

"Gesi haingoji," akasema. "Lori likisimama foleni siku sita tangi likiwa limejaa, gesi inaanza kutoka. Hiyo ni pesa yako inapaa hewani. Kwa hivyo mambo ya foleni lazima yaishe."

Ukumbi mzima ukaandika. Meneja wa usafirishaji aliyeketi mbele yangu akapiga mistari miwili chini ya neno "foleni". Mimi pia niliandika, si ndiyo kazi niliyoitiwa. Lakini hiyo foleni ya siku sita mimi naijua. Nimewahi kulala kwenye moja ya siku tisa, na hakuna mtu aliyeiandika popote.

Nilipotoka chuo nilirudi nyumbani, upande wa Litein. Mathe alikuwa na ekari moja ya chai na uso wa mtu aliyekopa pesa za kunisomesha. Sikuweza kukaa pale nikimtazama. Anko wangu, ndugu yake wa kumfuata, alikuwa dereva wa trela, akibeba majani makavu kutoka viwandani kwenda kwenye maghala ya Mombasa ambako chai husubiri mnada. Akaniambia, "Msomi, kuja tufanye kazi." Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita jina lingine. Nikawa tanboi wake kwa miezi saba. Wenzetu wa Tanzania wanaita utingo.

Kutoka Kericho mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Unapanda Londiani, unaingia barabara kuu pale Mau Summit, unateremka Salgaa roho mkononi, Nakuru, mizani ya Gilgil, Mlolongo, Mtito Andei, Voi, Mariakani. Ukienda vizuri ni siku mbili. Trip ililipwa 9,000 kwa dereva na 3,000 kwa tanboi, uende siku mbili au mwezi mmoja.

Ile safari ninayoizungumzia tulifika Mombasa siku ya pili jioni. Ghala lilikuwa limejaa. Tukaambiwa tungoje. Anko akampigia tajiri simu, tajiri akasema tungoje. Siku ya nne pesa ya chakula ikaisha. Kuoga ilikuwa shilingi 20, choo 10, mtungi wa maji 20, na joto la Changamwe halina huruma kwa mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Litein. Usiku anko alilala kabini, mimi nikatandika katoni chini ya trela. Siku ya sita binti yake alikuwa anaripoti kidato cha kwanza. Alimsindikiza kwa simu, akikopa pesa za godoro na sanduku kutoka kwa dereva mwingine aliyekuwa amekwama vilevile. Siku ya tisa tukashusha mzigo. Tukarudi na mbolea, siku mbili nyingine.

Piga hesabu. Siku 13, shilingi 9,000. Ni kama 690 kwa siku kwa mtu mwenye leseni ya trela na miaka 17 barabarani. Mimi ni 230. Sasa uliza: zile siku tisa ziliingia kwenye kitabu cha nani? Si cha ghala. Si cha tajiri. Lori la dizeli likisimama halili kitu. Tangi linabaki vile lilivyokuwa. Kusimama kwa lori la dizeli ni bure kwa kila mtu, isipokuwa mtu aliye ndani yake.

Hapo ndipo gesi inageuza mambo, na ndiyo maana naandika hii.

Fikiria thamosi. Kila nyumba ya kwetu ina thamosi, na kila mtu anajua kwamba chai ya asubuhi ikifika jioni itakuwa vuguvugu, hata thamosi iwe ya bei gani. Tangi la LNG ni thamosi iliyogeuzwa. Gesi asilia inapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inakuwa kimiminika, na ujazo wake unapungua kama mara 600. Ndiyo maana lori linaweza kubeba gesi ya kwenda mbali bila kuburuta bohari. Lakini joto la nje linapenya kidogo kidogo. Kimiminika kinaanza kuchemka, presha inapanda. Injini ikiwa inafanya kazi, inaikula ile gesi na hakuna neno. Lori likisimama siku nyingi, presha inafika mahali vali ya usalama inafunguka na gesi inatoka. Kwa kawaida matangi haya hutengenezwa yavumilie siku tano hivi. Siku tano! Sisi tulikaa tisa.

Kwa hivyo yule jamaa hakudanganya. Gesi haingoji. Na kwa sababu haingoji, ghafla kungoja kuna bei. Watawekwa watu wa kupanga zamu za kushusha mzigo. Patawekwa vifaa vya kupima presha na kutuma taarifa kwenye simu ya tajiri. Mikataba na maghala itaandikwa upya. Kitu ambacho madereva wamelalamikia miaka yote kitatibiwa kwa msimu mmoja, na hakitatibiwa kwa sababu yao.

Msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kupinga gesi. Kuna marafiki zangu wa Nairobi, wale wa maandamano ya tabianchi, wakisikia tu neno gesi wanakunja uso. Waje wakae nyuma ya trela la dizeli linalopanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, halafu tuongee. Septemba 2023 dizeli ilifika shilingi 200.99 kwa lita Nairobi. Mwezi huo mathe alinitumia picha ya risiti ya mbolea bila kuandika neno. Kila kitu kinachopanda milima yetu kinapanda kwa dizeli, na kila shilingi ya dizeli inatafutwa mwishowe kwenye kilo ya majani mabichi.

Na gesi si ndoto ya mbali hivyo. Jirani zetu wanayo. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na kufikia 2004 ilikuwa inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam. Mtwara kuna malori ya kiwanda cha saruji cha Dangote yanayotumia gesi iliyogandamizwa, CNG, ambayo haipozwi bali inashindiliwa kwa presha kubwa. Kuhusu LNG yenyewe, mradi wa Lindi umekuwa mezani zaidi ya miaka 10, na thamani yake hutajwa kuwa dola bilioni 42. Mei 2021, Rais Samia alipokuja Nairobi, yeye na Uhuru Kenyatta walishuhudia makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa. Oktoba 2022 Ruto alipoenda Dar, jambo hilo likarudiwa. Bomba bado halijajengwa. Lakini bomba likifika Mombasa, wa kwanza kupanga mstari watakuwa wenye malori, na chai yetu ni mzigo wa uhakika, wiki baada ya wiki.

Lakini iangalieni Dar vizuri. Miaka ya 2023 na 2024, kilo ya CNG ilikuwa Sh1,550 za Tanzania wakati lita ya petroli ikizunguka 3,000. Madereva wa teksi na bajaji wakakimbilia kubadilisha mifumo ya gari zao, na hawakukosea. Vituo vya kujaza vikawa vichache kuliko gari. Ikawa foleni za saa nyingi, mtu amelala kwenye usukani usiku ili asipoteze nafasi. Akiba ilikuwa ya kweli, ila sehemu yake ililipwa kwa usingizi wa dereva, na usingizi hauonekani kwenye bei ya kilo. Hiyo ndiyo ninayoiogopa, kwamba tutaleta mashine mpya na tabia ileile ya zamani: panapokosekana mpango, panajazwa mtu.

Sasa niseme jambo ambalo anko hatafurahi kulisoma.

Katika ile miezi saba nilishika mpira mara nyingi. Unajua mpira gani. Upande mmoja kwenye tangi, upande mwingine kwenye jerikeni, unavuta kwa mdomo mpaka dizeli ikuguse ulimi. Lita 20, wakati mwingine 40. Kuna wanunuzi kando ya barabara wanaojulikana na kila mtu. Mwenye gari anajua pia. Ndiyo maana trip inalipwa 9,000: kila mtu amekubali kimyakimya kwamba dereva "atajipanga". Wizi ukishaingizwa kwenye bajeti ya tajiri, mimi nauita mshahara ambao mtu analipwa kwa njia ya kumvunjia heshima.

Na mshahara huo unaua. Ili ubaki na mafuta ya kuuza lazima uyaokoe mahali. Mahali rahisi ni mteremko. Unatoa gia, unaweka nyutro, unaacha tani zote hizo zishuke zenyewe, unategemea breki peke yake. Breki zinapata moto, zinalegea. Madereva wengi waliozikwa kwa sababu ya Salgaa hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wanatafuta jerikeni moja. Na jerikeni ina kivuli kirefu barabara ile. Januari 2009, pale Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbia na vyombo kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Juni 30, 2023, pale makutano ya Londiani, trela lilitoka barabarani likaingia kwenye matatu, bodaboda na akina mama wa sokoni. Watu 52. Simsemi dereva yule wala sijui ya moyoni mwake. Nasema tu kwamba sisi wa Kericho tunajua trela linaweza kufanya nini, na hatuhitaji mtu wa hoteli atuonyeshe kwenye picha.

Gesi itamaliza biashara ya jerikeni. Huwezi kunyonya LNG kwa mpira. Ni baridi ya kuchoma ngozi, kuijaza tu kunahitaji glavu na ngao ya uso, na ukiimwaga inageuka hewa mbele ya macho yako. Haina hata ile harufu ya gesi ya mtungi, ndiyo maana gari zake huwekwa vifaa vya kunusa uvujaji. Mtu akikumbuka Embakasi, Februari 2024, anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Ile ilikuwa gesi ya mitungi, kitu kingine. Hatari ya LNG ina namna yake na mafunzo yake, na mafunzo hayo yatamwendea yule anayeishika, yaani dereva.

Basi hebu tuone picha nzima. Lori jipya linamtaka dereva awe fundi kidogo na mzimamoto kidogo. Linamnyang'anya jerikeni, na mimi nasema heri, afadhali ninyang'anywe jerikeni kuliko nimzike anko. Lakini ile 9,000 inabaki 9,000. Akiba yote ya gesi, ya dizeli isiyoibwa, ya foleni iliyofupishwa, inapanda juu kwa tajiri, na kazi mpya yote inashuka chini kabini. Mkiita hiyo maendeleo, mwambieni dereva machoni.

Kungoja kwetu hakukuanzia Mombasa. Kumepandwa hukuhuku, pamoja na chai. Jani likishachumwa lina saa zake. Likibanwa kwenye gunia linapata joto, linaanza kugeuka jekundu, na kiwanda hakilitaki. Kwa hivyo jani halingoji. Anayengoja ni mathe, amesimama kwenye senta ya kupimia tangu saa tisa mchana, lori la kiwanda limekwama kwenye matope, na saa tatu usiku bado anageuza majani kwa mkono yasiungue. Lori likikosa kuja, hasara ni yake. Halafu anangoja bonasi mwaka mzima mpaka Oktoba. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliingia barabarani wakiuliza kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wanapata bonasi nono kuliko yao. Hata majibu waliambiwa wangoje.

Ukikaa ukafikiria, uchumi wetu wote wa chai umegawanywa hivi: kuna vitu visivyoweza kungoja, navyo vinatunzwa, na kuna watu wanaoweza kungoja, nao hawalipwi. Gesi inakuja kuongezwa kwenye orodha ya vitu.

Mtu ataniambia, wewe kijana unapiga kelele mapema, gesi yenyewe hata Kericho haijafika. Ndiyo, haijafika. Ndiyo sababu. Mashine za kuchuma chai ziliingia kwenye mashamba makubwa bila mazungumzo ya maana na watu walioishi kwa kuchuma, ingawa mashine moja inafanya kazi ya makumi ya mikono. Mei 2023 mashine zikachomwa moto Kericho, watu wakaumia, na ni baada ya hapo kila mkubwa akagundua kwamba mazungumzo ni muhimu. Sitaki kuona trela la gesi likichomwa. Kwanza ni hatari kuliko mashine ya kuchuma. Pili, itakuwa ujinga wetu wa mara ya pili.

Na nyinyi wa tabianchi, msikae kando mkisema hili ni jambo la mishahara. Ile gesi inayotoka vali ikifunguka ni methani, kwa sehemu kubwa. Kwa kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi. Kwa hivyo lori la "nishati safi" lililokwama siku tisa Changamwe linaweza kuchafua hewa huku likiwa limezimwa kabisa. Usafi wa gari hili hautaamuliwa na injini peke yake. Utaamuliwa na foleni. Na anayejua foleni kuliko mtu yeyote ni yule anayelala ndani yake. Mkimlipa kwa kila saa anayongoja, kila anayemchelewesha atahisi kwenye mfuko, na foleni itafupika hata kwa malori ya dizeli, leo, kabla bomba lolote halijachimbiwa mtaro.

Kwa hivyo nataka mambo matatu, na si makubwa.

La kwanza, saa za kungoja ziandikwe na zilipwe. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa kila saa 24. Vizuri. Inahesabu saa za usukani. Sasa zihesabiwe na za getini. Lori likifika, mlinzi aandike saa kwenye karatasi ya mzigo. Likishusha, aandike tena. Tofauti ilipwe kwa dereva na kwa tanboi, na ilipwe na yule aliyewachelewesha. Hakuna teknolojia hapo. Ni kalamu.

La pili, mafunzo ya gesi yatolewe kwa gharama ya mwenye gari, na cheti kiwe cha dereva, kwa jina lake, akiondoka aondoke nacho. Isiwe ni kitu cha kumfunga kwa tajiri mmoja.

La tatu, siku jerikeni inapokufa, trip ipande bei siku hiyohiyo. Kila mtu anajua jerikeni ilikuwa inaziba pengo gani. Msijifanye hamjui.

Najua jibu la matajiri. Watasema hawana pesa ya kulipa mtu akae bure. Mimi nilikuwa kwenye ule ukumbi. Niliona mtu akiambiwa kwamba tangi likikaa bure atapoteza pesa, na hakusema hana pesa. Aliuliza kifaa cha kufuatilia presha ni bei gani.

Jioni ile nilimpigia anko. Alikuwa Emali, anakula. Nikamweleza habari za lori la gesi, thamosi, vali, siku tano. Alisikiliza vizuri, ni mtu anayependa injini.

"Kwa hivyo ikingoja sana inaenda zake," akasema.

"Inaenda zake, anko."

"Na hasara ni ya nani?"

"Ya tajiri."

Akacheka mpaka akakohoa. "Msomi, basi waambie waniandike mimi ni gesi."

Nilicheka pia. Halafu nikakata simu nikafungua kompyuta, kwa sababu ripoti ilitakiwa asubuhi. Niliandika kwamba gesi haingoji. Niliandika kwamba foleni lazima ziishe ili kulinda uwekezaji. Nilikuwa na nafasi ya aya moja zaidi kwenye ukurasa wa mwisho, na nilijua kabisa ni nini kilipaswa kuingia pale. Nikaijaza na shukrani kwa waandaaji, maana nilitaka waniite tena. Walinilipa kwa wakati, hawakunichelewesha hata siku moja.

Hii ndiyo ile aya.